Huyu Hana Mguu

Watu wakiniona na gitaa huniuliza nimembebea nani. Nimeulizwa na walinzi wa kumbi, nimeulizwa na maharusi, na siku moja niliulizwa na mpiga picha aliyekuwa amesimama mbele yangu muda wote nikipiga. "Mwenyewe yuko wapi, dada?" Huwa najibu kwamba mwenyewe amekwenda msalani, anarudi sasa hivi, kisha nafungua mkoba, nachomeka waya na kuwaacha midomo wazi. Mimi si mpole. Mume wangu husema hasira zangu ni maji ya chai, yanachemka haraka na ukiyaepua yanapoa haraka, na kwa kuwa yeye ni kinyozi, mtu anayeshika vichwa vya watu wa kila aina kutwa nzima, sina la kubishana naye.

Nayasema haya mapema ili ikifika mahali nikasema nashukuru, mtu asidhani ni mazoea yangu.

Aliyenilea ni shangazi yangu, dada wa baba. Hakujaliwa mtoto, na akiulizwa husema mimi nilitosha, nilikuwa na kelele za watoto wanne. Alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi kwa mikono yake miwili mashuka ya nyumba za wageni na mashati ya watu wa ofisini, kwa pasi ya mkaa ambayo mpaka leo hakubali kuibadilisha. Meza yake ya kupigia pasi ilikuwa ubao mnene uliovishwa mablanketi makuukuu, na nilipokuwa mdogo nililala chini yake mchana, nikisikiliza pasi ikitua na kuteleza, ikitua na kuteleza, na juu yake shangazi akiimba midomo imefumbwa, wimbo wake usio na maneno. Sauti yake ni nzito kweli kweli. Akipokea simu watu humwambia, "Shikamoo, baba," naye huitikia marahaba bila kuwasahihisha. Anasema heshima imeshafika, ya nini kuirudisha.

Gitaa langu la kwanza alilileta yeye. Mteja wake mmoja alikuwa anahama, akamwachia gitaa lililopungukiwa nyuzi mbili, asante yake ya miaka mingi ya kola zilizonyooka. Shangazi alilifunga ndani ya bunda la mashuka, akajitwika, akavuka mji nalo.

"Sijui linapigwaje," aliniambia akilitua sakafuni. "Lakini vidole si unavyo?"

Toka siku hiyo akaniita Vidole, na jina limeniganda. Hata mume wangu ananiita hivyo, hata watoto wa jirani ambao wangepaswa kuniita mama.

Sasa masikio ya shangazi yameanza kumsaliti. Zilitangulia kuondoka sauti nyembamba: ndege, kengele ya mlangoni, watoto. Tulimhamishia kwetu alipokaribia kugongwa na pikipiki iliyokuwa ikimpigia honi kwa nyuma. Alikuja na sanduku moja, pasi yake, na meza yake, na mume wangu akaweka mgongo wake rehani kuiingiza ile meza mlangoni. Shangazi alipokuwa kwetu ndipo nilipoona ukubwa wa jambo lenyewe. Alikuwa ameshazoea kutazama midomo, na mdomo wowote ukicheza mbele yake hujibu "Marahaba," hata kama umemwomba chumvi. Na alikuwa kimya. Alikunja nguo kimya, alichambua mboga kimya. Nilidhani ni ugeni.

Nikampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari, mwanamke kijana mwenye subira, alimfungia kwenye kijumba cha kioo, akamchezea sauti moja moja, akatuambia wazi: sauti za juu zimekwisha, za chini bado kidogo, na hizo za chini nazo zinaondoka. Kifaa cha sikioni kingemsaidia kwa muda. Muda gani, nilimuuliza. Akasema hilo hawezi kuliahidi, inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mwezi, na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wetu.

Tulipotoka nje shangazi alinishika mkono, akasimama katikati ya njia na kuwazuia watu kupita.

"Vidole, mimi sijakusikia."

Nilidhani anazungumzia habari za daktari. Nikamsogelea sikioni nianze kumrudishia. Akanipungia mkono wa hapana.

"Yule binti nimemwelewa, nimesoma mdomo wake. Nasema gitaa. Tangu utoke nyumbani kwangu sijakusikia tena."

"Shangazi! Kwani zile harusi zote ulizokuja?"

"Nilisikia bendi. Nilisikia ngoma, na kinanda, na yule rafiki yako anayetingisha vikombe mezani. Nikiuliza wewe ni upi, wanasema tega sikio, yule wa mbali kule. Sasa masikio ya kutega ndiyo hayo yanakwenda. Nataka nikusikie wewe peke yako. Mara moja tu, kabla hapa hapajafungwa." Akagonga sikio lake kwa kidole kama mtu anayebisha hodi.

Jioni ile ile nilikaa karibu yake nikapiga. Aliinama mpaka shavu lake likagusa ubao wa gitaa. Nilipiga kwa nguvu, nikapiga polepole, nikampigia vipande nilivyokuwa nikipiga nikiwa shuleni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka na kunipapasa goti.

"Kama mtu anachekecha mchele chumba cha pili," alisema.

Niliingia chumbani nikalia, na sioni haya kulisema.

Kesho yake nilimweleza mpiga besi wetu, yule yule mtingisha vikombe. Sisi humwita Besi, na hata mkewe humwita Besi. Ni jitu la miraba minne lenye utani wa darasa la tatu, lakini kwenye mambo ya sauti hana mfano. Alinisikiliza akitafuna kijiti.

"Mrekodi," alisema. "Mvalishe hedfoni kubwa zile za kufunika sikio lote. Kisha kwenye kompyuta unazishusha zile sauti asizozisikia, unazipandisha zile alizobaki nazo. Sauti inaingia moja kwa moja kichwani. Nitakuazima maiki yangu na kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta. Lakini ukinivunjia maiki, nitakuja kuishi kwako."

"Studio za mjini je?"

"Wewe na studio za mjini?" Besi aliangua kicheko. "Mtapigana."

Hakukosea. Studio za mjini nazijua. Nimerekodi nyimbo za watu wengi humo, nikikaa kwenye kona, na hakuna hata moja ambayo sikukemewa. Nina tabia moja: nikipiga gitaa, mguu wangu wa kushoto unagonga sakafu. Haugongi ninapotaka, unagonga unapotaka. Mafundi mitambo walikuwa wakikatiza wimbo, wanainama kwenye kipaza sauti chao: "Dada, mguu!" Mmoja aliwahi kunivua kiatu. Mwingine alinikunjia blanketi chini ya unyayo, na toka hapo nikajifunza kulikunja mwenyewe kabla sijaambiwa. Isitoshe, masikio ya shangazi yalikuwa na siku zake. Kuna asubuhi aliamka anasikia sufuria ikifunikwa, na kuna asubuhi hasikii hata mlango ukibamizwa. Studio ya kuweka miadi isingetufaa. Nilihitaji studio iliyo hatua chache kutoka kitandani kwake.

Ndipo mume wangu alipotoa stoo yake. Nyumba yetu mbele ni kinyozi, nyuma ni sisi, na katikati, ukuta mmoja na jikoni, kuna chumba alichohifadhi viti vyake vilivyovunjika akiapa kwamba atavitengeneza. Aliviuza kama vyuma chakavu bila neno. Nilimkuta anafagia, kichwa kimejaa utando wa buibui, na nikamwona mzuri kuliko siku ya harusi yetu.

Kisha akafanya kosa wanalofanya watu wote wenye nia njema. Alisikia, sijui kwa mteja gani, kwamba studio inatengenezwa kwa trei za mayai. Akazunguka kwa wauza mayai wote wa mtaa, akarudi na mnara wa trei, akazigundisha ukutani kutwa nzima, mpaka kwenye dari. Besi alipokuja na maiki yake alisimama mlangoni, akatazama juu, akatazama chini.

"Shemeji," alisema, "hapa tunarekodi au tunaangua vifaranga?"

Mume wangu akauliza kwani kuna tatizo gani. Besi akapiga kofi moja, pa, na kofi likarudi kutoka kila upande.

"Trei ni karatasi tu. Sauti inataka kitu kizito cha kuimeza. Godoro. Blanketi. Wewe mwenyewe, ukisimama pale kwenye kona."

Tukazibandua, na mende waliohamia ndani yake wakahamia jikoni. Tukaleta godoro la wageni tukaliegemeza ukuta mmoja, tukatundika mablanketi kwenye kuta nyingine, tukaziba dirisha kwa mito. Palikosekana meza. Shangazi, aliyekuwa akitufuatilia kutoka kwenye kigoda chake kama msimamizi wa barabara, alinyoosha kidole kwenye meza yake ya pasi. Nilimwambia hapana, hiyo ni ya kwako. Akainuka akaanza kuisukuma mwenyewe, na pale hakuna aliyebisha. Tuliiweka kompyuta juu ya mablanketi yale yale yaliyonukia mvuke na sabuni, na nilipokaa mbele yake nikajikuta natazama chini ya meza, mahali nilipokuwa nikilala.

Nilipochomeka maiki mara ya kwanza, kwenye hedfoni kulikuwa na nyuki. Nilihamisha waya, nikabadilisha soketi, nikamtukana Besi na kisanduku chake. Nyuki akaacha ghafla, akaanza tena, akaacha. Nilikwenda mbele kuomba msaada, nikamkuta mume wangu anawasha mashine ya kunyolea, anazima, anapuliza nywele, anawasha.

"Ni wewe!" nilifoka mbele ya wateja.

Toka siku hiyo, nikitaka kurekodi, nilikuwa naingia kinyozini na kuinua kidole. Mume wangu anazima mashine na kutangaza, "Waungwana, sasa ni mkasi tu." Wateja wanaotaka mashine wanasubiri, na wanaobishana mambo ya mpira wanabishana kwa kunong'ona. Niliwahi kuchungulia nikaona wanaume wazima wanarushiana mikono hewani, mishipa ya shingo imesimama, na sauti haitoki hata tone.

Basi nikarekodi. Nilichagua kipande changu mwenyewe, nilichokitunga nikiwa msichana na kukibeba miaka yote bila kukipigia bendi yoyote, kwa sababu kila nilipokitoa waliniambia ni cha kusinzisha. Nilikunja blanketi chini ya mguu. Nilivaa soksi mbili. Nilikirudia mpaka vidole vikafura, kisha nikakaa kwenye kompyuta na kusafisha. Kila pumzi yangu nikaikata. Kila mlio wa kidole kinapoteleza kwenye waya nikaukata. Kiti kililia mahali, nikakinyamazisha. Nikapandisha sauti za chini kama Besi alivyonielekeza. Nilipomaliza nilisikiliza nikajisemea, hii wangeisikia wale waliokuwa wakinikemea, wangeniomba radhi.

Nilimkalisha shangazi kwenye kiti kizuri, siku ambayo alikuwa ameamka na masikio yake. Nikamvalisha hedfoni kubwa juu ya kilemba. Mume wangu alisimama mlangoni na mkasi wake mkononi. Nikabonyeza.

Uso wa shangazi ulifunguka. Aliinua nyusi, akatikisa kichwa taratibu. Anasikia! Alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedfoni kwa uangalifu akazipakata.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Nani anapiga?"

Nilidhani ni utani. Nilijigonga kifua. Mimi.

"Aa." Alinitazama, kisha akatazama hedfoni, kwa adabu ile ambayo mtu huonyesha akipewa zawadi isiyomtosha. "Anapiga vizuri. Amefundishwa."

"Ni mimi, shangazi!" nilimpigia kelele sikioni.

"Nimesikia. Lakini Vidole akipiga, mguu unatangulia. Nilikuwa napiga pasi, wewe uko chumba kile, nasikia mguu kwanza, ndipo gitaa. Wakati mwingine gitaa silisikii, nausikia mguu tu, najua mwanangu yupo." Akanirudishia hedfoni. "Huyu hana mguu."

Maji ya chai yakafurika. Nilitoka, nikaenda jikoni, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kazi yote ile, soksi mbili, vidole vimefura, halafu naambiwa nimefundishwa! Mume wangu alikuja akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani nilizokuwa nikizibamiza.

"Unajua," alisema, "kuna wateja huniambia toa yote, safisha kabisa. Nawasafisha. Wakirudi nyumbani, watoto wao wanawakimbia."

"Sikukuuliza."

"Najua. Nafuta sahani tu."

Ningependa kusema nilielewa palepale. Nilinuna siku kadhaa, na katika siku hizo nilizonuna, sikio la kushoto la shangazi likazima kabisa. Tuliligundua mezani: mume wangu alimwita kutoka upande ule, akaita tena, akaangusha sinia kwa makusudi, na shangazi akaendelea kupuliza chai yake. Alipoona tunamtazama akasema, "Marahaba." Hakuna aliyecheka. Hasira zangu zote zilipoa pale pale, pakabaki woga.

Niliinuka mezani nikaenda stoo. Nikavuta godoro nikalitoa nje. Nikalitupa lile blanketi la mguuni, nikavua viatu na soksi, nikaleta ubao wa mlango uliobaki kwenye kabati letu bovu na kuulaza sakafuni chini ya kiti changu. Nilimpigia simu Besi kumuuliza niweke wapi maiki.

"Kati ya gitaa na mguu," alisema. Kisha, bila utani wowote, akaongeza, "Nakuja na ya pili, tuiweke chini kabisa."

Alikuja nayo, akalala kifudifudi kuitega karibu na kidole changu kikubwa cha mguu, jitu lile, na kuniagiza niuoshe huo mguu kwanza.

Shangazi alikataa kubaki nje. "Safari hii nitaulinda mimi huo mguu," alisema, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, alileta bunda la vitambaa vya kinyozi, vile vyeupe vya kufunga shingoni, akatusogezea kompyuta pembeni, akaidai meza yake. Akaja na pasi yake ya mkaa ikiwaka. Besi akanitazama. Kwa moshi wa pasi ya mkaa, mlango ulibidi uachwe wazi. Kwa mlango wazi, tungepata jikoni, kinyozi na mtaa mzima.

"Acha wazi," nilisema.

Nilikwenda mbele nikainua kidole. "Waungwana," nikasikia mume wangu akisema, "mkasi tu."

Nikaanza kupiga, na mguu ukaanza wenyewe, ukafurahi kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Ubao wa kabati uliitikia kila pigo, na mtetemo wake ukapita sakafuni ukapanda kwenye miguu ya meza. Nilimwona shangazi akisita kidogo, kiganja kimelala juu ya meza. Kisha akaishusha pasi. Ilitua pamoja na mguu wangu. Ikateleza, ikatua tena.

Nilifumba macho nikaendelea. Na katikati ya kipande, kwenye hedfoni, nikasikia kitu kimeingia. Sauti nzito, ya chini, imefungwa mdomoni. Nilifikiri ni nyuki wa mashine amerudi. Hasira zikaanza kunipanda, kidole kikawa tayari kwenda kubonyeza, nikafumbua macho.

Shangazi alikuwa ameinamia kitambaa. Midomo imefumbwa, shingo inacheza. Alikuwa anaimba.

Hakuwa ameimba tangu ahamie kwetu. Ule ukimya niliouita ugeni, kumbe sababu yake ilikuwa hiyo: asiyejisikia ataimbaje? Sasa alikuwa anaimba bila kujua, akifuata mguu na ubao. Na hakukosea popote. Kila nilipopanda alipanda, kila nilipogeuka alikuwa amekwisha kugeuka. Alikuwa ananitangulia. Kipande changu, nilichokitunga mwenyewe, nilichokitetea mbele ya bendi nzima, alikuwa anakijua chote, mpaka sehemu ya mwisho ambayo sikuwahi kumpigia mtu yeyote, na ambayo hata kwenye ile rekodi ya kwanza niliiacha. Maana hakikuwa changu. Nilikipata chini ya meza ile, nikiwa nimelala, kabla sijajua gitaa ni nini.

Besi aliyekuwa amejikunja kwenye kona alinionyesha kwa mkono: usisimame, usisimame. Machozi yalikuwa yananitoka na mikono yote miwili ina kazi, basi nikayaacha yateremke, na mengine yakadondoka kwenye gitaa, na hayo pia yamo kwenye rekodi kama una masikio mazuri.

Sikusafisha chochote. Nilipandisha sauti za chini tu. Besi aliivuta kwenye sikio la kulia pekee, lile lililobaki, na tukamvalisha.

Pigo la kwanza la mguu lilipoingia, shangazi alicheka kwa sauti.

"Enhe! Huyu sasa ndiye Vidole!" Alinishika mkono akaubana. "Nakusikia, mwanangu. Nakusikia. Gitaa hilo. Hapo umeteleza kidole, hapo. Nakusikia." Kisha akafunga macho, na akawa anapiga mguu wake mwenyewe pamoja na wa kwangu, na mimi nikatazama uso wake nikasema kimoyomoyo asante, asante, sijui hata nikimwambia nani; yeye, mume wangu na mkasi wake, Besi na maiki zake, yule mteja aliyehama mji akaacha gitaa bovu.

Mara akakunja uso. Akaikandamiza hedfoni sikioni.

"Na huyu mama ni nani?"

Tukatazamana.

"Huyu anayeimba nyuma. Ana sauti nzuri, hata kama ni ya kiume. Mmemtoa wapi?"

Nikamnyooshea kidole. Akageuka kutazama nyuma yake, akaona ukuta. Nikamgusa kifuani.

"Acha masihara. Mimi niliacha kuimba, Vidole. Nikifungua mdomo hakuna kinachotoka."

Nilichukua kiganja chake, kile chenye alama za pasi, nikakilaza kwenye koo lake mwenyewe. Rekodi ilikuwa bado inaendelea, ilikuwa inafika ile sehemu ya mwisho. Nilimwona akiisubiri. Ilipofika, akaifuata midomo imefumbwa, taratibu, kwa mashaka, na kiganja kikashtuka pale kooni. Akanyamaza. Akaimba tena, kiganja kiko pale pale, macho yananitazama mimi.

"Kumbe bado nipo," alisema.

Mbele kwa kinyozi hapakuwa na mlio wowote ila mkasi. Shangazi alivuta kiti akakisogeza kwenye meza yake, akazirekebisha hedfoni juu ya kilemba, na mkono mmoja akauacha kooni.

"Rudisha mwanzo," aliniambia. "Na huo mguu wako, usiuvalishe soksi tena."